Baba aliamka haoni nusu ya chini kwa jicho moja: je, la pili litasalimika?

Mwalimu wa Kilosa ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba maelezo kutoka kwa wataalamu, na pia kwa yeyote aliyewahi kupatwa na jambo hili au kumuuguza aliyepatwa nalo.

Baba yangu ana umri wa miaka 63, ni mstaafu wa reli, ana shinikizo la damu kwa miaka 12 na kisukari kwa miaka 7 hivi. Wiki tatu zilizopita aliamka kwa ajili ya swala ya alfajiri, akachukua birika ili atawadhe, lakini kila alipoliinamisha maji yalipita pembeni mwa kiganja. Alidhani ni usingizi. Kulipopambazuka alifumba jicho la kulia, akautazama mlango wa chumba kwa jicho la kushoto peke yake, ndipo akatuita: fremu ya juu aliiona, na pazia lililoning'inia aliliona, lakini kuanzia usawa wa kitasa kushuka chini palikuwa kijivu kitupu, kama ukuta uliopakwa jivu. Hakuwa na maumivu yoyote, jicho halikuwa jekundu, na usiku alikuwa amelala mzima.

Tulipoteza siku nyingi. Jirani alisema ni mtoto wa jicho, zahanati wakatupa matone ya kuua vijidudu, na siku ya tisa ndipo tulipofika hospitali kubwa ambako daktari wa macho alimtia dawa ya kutanua mboni, akamchunguza, akasema kwamba mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo umekosa damu, kichwa cha mshipa huo, yaani sehemu yake inayoonekana ndani ya jicho, kimevimba, hakuna dawa, na turudi baada ya miezi mitatu. Foleni ilikuwa ndefu, hatukupata nafasi ya kuuliza zaidi.

Sasa nyumbani kila mtu ana lake. Shangazi anataka tuuze kiwanja ili baba apelekwe India akafanyiwe upasuaji wa mshipa huo. Shemeji ameleta chupa ya matone ya asali na mitishamba ambayo muuzaji wake anaapa kwamba inafufua mishipa iliyokufa. Baba mwenyewe hasemi kitu, ila nimemkuta mara mbili amekaa barazani, amefumba jicho la kushoto, anatazama kwa la kulia kana kwamba analihesabia siku. Je, ni kweli hakuna tiba? Jicho la kulia nalo litaondoka? Na inakuwaje mtu alale mzima na kuamka hivi?

Tabibu wa Macho amejibu:

Mwalimu, poleni sana, na umfikishie mzee shikamoo yangu. Mimi ni daktari wa macho. Siwezi kumtibu mtu ambaye sijamwona, lakini ulivyoeleza umeeleza vizuri kuliko barua nyingi za rufaa ninazopokea, kwa hiyo naweza kukufafanulia kile ambacho mwenzangu hakupata muda wa kukieleza.

Neva ya jicho, ndio huo mshipa wa fahamu aliokutajia, ina nyuzi zipatazo milioni moja, na zote hutoka nyuma ya jicho kwa kupita katika tundu lenye upana wa milimita 1.5 hivi. Damu inayolisha sehemu hiyo ya mbele hutoka katika mishipa midogo sana inayotawanyika kutoka kwenye ateri ya jicho. Damu ikipungua, hata kwa muda mfupi, nyuzi huvimba. Sasa mtu aliyewahi kuvimba kidole chenye pete anajua kinachofuata: pete haitanuki, kidole hubanwa, damu huzidi kukosa njia na uvimbe huongezeka. Watu wengi wana nafasi ya akiba katika tundu hilo, ndicho kile kishimo tunachokitazama katikati ya kichwa cha neva tunapopima glakoma, ugonjwa mwingine unaoharibu neva hii. Wapo waliozaliwa na kishimo kidogo mno, au hawana kabisa, na hao ndio wanaopatwa zaidi na ugonjwa huu. Wameishi na macho mazuri miaka yote, tundu lao limebana tu. Ukirudi kliniki, omba daktari atazame kichwa cha neva katika jicho la kulia, kwa kuwa jicho zima ndilo linaloonyesha jinsi lile la kushoto lilivyokuwa kabla ya kuvimba.

Kuhusu kulala mzima: shinikizo la damu la watu wengi hushuka usiku, kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 20. Kwa mtu mwenye kisukari na presha ya muda mrefu, mishipa imeshakakamaa na haiwezi kufidia upungufu huo ipasavyo. Marehemu Profesa Sohan Singh Hayreh wa Chuo Kikuu cha Iowa, ambaye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuichunguza mishipa hiyo, alishikilia kwamba huku kushuka kwa usiku ndiko kunakolitia jicho katika hatari, hasa dawa za presha zinapomezwa wakati wa kulala. Wenzake hawakukubaliana naye wote, na mpaka leo ushahidi haujakata shauri, lakini mimi mgonjwa wangu akiniambia kwamba humeza vidonge vyote vya presha usiku, huwa nazungumza na daktari wake. Ninasema nazungumza na daktari wake. Msimwachishe mzee dawa wala msimhamishie saa kwa uamuzi wa sebuleni, kwa maana presha ikipanda ghafla inaweza kumletea kiharusi cha ubongo, na hapo tutakuwa tunalilia jicho huku mtu mwenyewe yumo kitandani.

Sasa kiwanja. Tafadhali kisiuzwe kwa ajili ya hili. Upasuaji anaousikia shangazi ulikuwapo kweli: madaktari walipasua ala inayoifunika neva ili kupunguza mbano. Huko Marekani walifanya jaribio kubwa la kuupima, matokeo yakachapishwa mwaka 1995. Miongoni mwa wagonjwa waliopasuliwa, asilimia 33 hivi waliongeza uoni kwa mistari mitatu au zaidi ya ubao wa herufi baada ya miezi sita, ilhali miongoni mwa wale walioangaliwa tu bila kupasuliwa waliongeza asilimia 43 hivi. Waliopoteza mistari mitatu au zaidi walikuwa asilimia 24 kati ya waliopasuliwa, na asilimia 12 kati ya wasiopasuliwa. Jaribio likasimamishwa. Angalia hesabu hiyo upande wa pili pia: karibu watu wanne katika kila kumi, ambao hakuna aliyewagusa, walipata nafuu ya namna fulani. Kwa hiyo mwenzangu aliposema hakuna dawa alikuwa sahihi, ila si lazima hali ya leo ya mzee ndiyo iwe hali yake baada ya miezi sita.

Matone ya shemeji myamwage. Tone la jichoni halifiki kwenye neva hata likiwa la dawa halisi, na asali isiyo safi ikileta kidonda kwenye konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, mzee atakuwa na magonjwa mawili katika jicho moja.

Kuhusu jicho la kulia, takwimu zilizotokana na jaribio lile lile zinaonyesha kwamba lilipatwa kwa asilimia 15 hivi ya wagonjwa katika muda wa miaka mitano. Jicho lililokwisha kupatwa ni nadra kupatwa tena. Asilimia 15 si ndogo, nakiri, na hapa ndipo penye kazi: sukari, presha, mafuta katika damu, sigara kama anavuta. Muulizeni mama vilevile, maana baba hawezi kulijua hili: je, mzee hukoroma, kisha akanyamaza kabisa kwa muda, kisha akashtuka akivuta pumzi kwa nguvu? Kukatika kwa pumzi usingizini kumeonekana mara nyingi kwa wagonjwa wa namna hii, na kunatibika.

Lipo na swali jingine ambalo wewe kama mwana huwezi kumuuliza, kwa hiyo mtafute mtu wa rika lake au mtani wake amuulize wakiwa wawili. Je, anatumia dawa za nguvu za kiume? Sildenafil na jamii yake zimehusishwa na ugonjwa huu, ingawa haijathibitishwa kwamba ndizo zinazousababisha, na ushauri ni kwamba aliyekwisha kupoteza jicho moja kwa namna hii asizitumie. Mizizi na unga unaouzwa barabarani nao haujasalimika, kwa kuwa bidhaa nyingi za aina hiyo zilipopimwa katika nchi mbalimbali zimekutwa zimechanganywa na dawa hizo hizo.

Mwisho, na hili nalitaka leo: je, alipimwa damu vipimo vya ESR na CRP, vinavyoonyesha kama kuna uvimbe mwilini? Je, ana kichwa kinachomuuma upya, hasa kwenye panja, au taya linalochoka anapotafuna nyama? Nijibu hili kabla ya mengine yote.

Mwalimu wa Kilosa amejibu:

Daktari, nashukuru kupita kiasi. Kwenye daftari lake imeandikwa ESR 18. CRP haikupimwa. Nimemuuliza kuhusu kichwa na taya, hana, na jana alitafuna mahindi ya kuchoma bila tabu. Dawa za presha ni amlodipini na losartani, na anazimeza zote mbili baada ya chakula cha usiku ili asisahau. Mama amecheka, akasema kwamba kukoroma kwake hujulikana hata nyumba ya pili, na kwamba zipo nyakati huwa anamsukuma kwa sababu amenyamaza mno. Lile swali jingine nimemkabidhi mzee mwenzake wa reli.

Tabibu wa Macho amejibu:

Vizuri. Kwa kukadiria tu, ESR ya mwanamume haitarajiwi kuzidi nusu ya umri wake, kwa hiyo 18 kwa mtu wa miaka 63 haitishi. Ikiambatana na kutokuwa na maumivu, nimetulia kiasi, ingawa CRP nayo ingefaa. Hayo ya losartani na kukoroma myapeleke kwa daktari wake wa presha wiki hii, msisubiri miezi mitatu. Kliniki ya macho nayo mwombe mrudi mapema kuliko mlivyoambiwa, kama wiki ya sita au ya nane, kwa sababu ifikapo wakati huo uvimbe wa neva unapaswa kuwa umekwisha na kichwa chake kimeanza kupauka. Usipokwisha, basi utambuzi wa kwanza unatiliwa shaka na tutatafuta sababu nyingine, pengine kwa MRI, kipimo cha picha kwa kutumia sumaku.

Muuguza Wazee, Leicester amejibu:

Naomba nieleze kwa nini daktari aliharakisha swali la taya, kwa sababu wengi wanaosoma hapa watalipita.

Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Uingereza. Tulikuwa na bibi mmoja wa miaka 79, Mwingereza, aliyeanza kukataa kuchanwa nywele asubuhi. Kichana kikigusa tu ngozi ya kichwa upande wa kulia alikuwa akijikunja. Baada ya siku chache akaacha kula mkate wa kuchoma. Alikuwa akitafuna mara nne au tano, kisha anauweka chini na kulishika taya kana kwamba limechoka kwa kukimbia. Mabega yalimuuma, tukasema ni uzee. Mwenzangu aliandika kwenye daftari kwamba bibi amekuwa mkaidi kwa chakula, na mimi niliisoma taarifa hiyo nikapita. Asubuhi ya Jumamosi jicho la kulia lilikuwa giza totoro. Hospitalini hawakungoja hata majibu ya damu yote, wakamtundikia dripu ya steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, mchana ule ule, na siku chache baadaye ndipo walipomkata kipande kidogo cha ateri ya panja kwa uchunguzi. Ile ateri ilikuwa imevimba ndani hadi njia ya damu imebaki kama uzi. Jicho la kulia halikurudi, lakini la kushoto lilibaki, na tuliambiwa kwamba bila ile dripu lingeweza kufuata ndani ya siku au wiki chache.

Hiyo ndiyo aina ya pili, ambayo neva hukosa damu kwa sababu kuta za ateri zenyewe zina ugonjwa. Huwapata watu waliovuka miaka 50, hasa waliovuka 70, wanawake kuliko wanaume. Huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, na kwa Waafrika ni nadra, lakini nadra maana yake ni kwamba huenda mganga hatalifikiria, kwa hiyo ninyi mlioko nyumbani mlikumbuke. Mzee akisema kwamba kilemba au mtandio unamuumiza kichwani, au taya linachoka kwa kutafuna, au macho yanafifia kisha yanarudi, msilale naye nyumbani.

Pia nawaomba msigeuze habari hii kuwa sababu ya kumnunulia baba prednisoloni, vidonge vya steroidi, dukani. Aina yake ni ile nyingine, ana kisukari, na steroidi zitampandishia sukari kwa faida ambayo hakuna aliyeithibitisha.

Fundi Cherehani wa Tanga amejibu:

Mimi nilipatwa mwaka 2019, nikiwa na miaka 52, jicho la kulia, nusu ya chini vile vile. Nitaacha mambo ya dawa kwa wenye elimu hiyo, nimweleze Mwalimu mambo ya nyumbani.

Lile birika la baba nalifahamu. Ukifungua macho yote mawili, jicho zima hukuonyesha karibu kila kitu, kwa hiyo watu wa nyumbani hudhani umepona, lakini kilichopotea ni kujua umbali. Mimi nilikuwa nikitunga uzi na ncha inapita nyuma ya sindano, mara kumi, mara kumi na tano, mpaka nililia mbele ya mteja. Siku hizi naishika sindano huku kidole cha mkono mwingine kikigusa tundu, nautunga kwa kupapasa zaidi kuliko kwa kuona. Chai naimimina baada ya kugusisha mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe. Ngazi ngeni nashuka kwa kuinamisha kichwa na kutanguliza mguu wa kupapasa, hata wenye haraka wakisonya. Paka kipande cha rangi nyeupe kwenye ukingo wa kizingiti na wa baraza, kazi ya nusu saa hiyo, itamwokoa mzee na kujikwaa.

Nafuu niliipata, ila sikuipata pale nilipoitarajia. Mwanzo nilikuwa naona herufi kubwa ya kwanza tu katika ubao, baada ya miezi minne nikawa nasoma mstari wa nne. Lile giza la chini lenyewe halijaondoka hata leo, nimelizoea tu. Katikati ya hapo kuna mtu aliniuzia makopo ya virutubisho kwa shilingi 150,000 kila moja, nikanunua matatu, na nafuu iliyokuja alijitwalia yeye. Niliposoma hapa kwamba wanne katika kumi hupata nafuu bila kuguswa, niliweka simu chini nikatoka nje kupunga hewa.

Umesema baba anafumba jicho moja moja barazani. Msimkataze. Mimi hufanya hivyo kila asubuhi mpaka sasa, nafumba moja, natazama kalenda ukutani, nafumba jingine. Mtu aliyeniuguza alidhani nimechanganyikiwa. Kumbe ni ulinzi: la pili likianza kufifia nataka nijue siku hiyo hiyo.

Abu Salma, Maskati amejibu:

Samahani kwa kuingilia. Nina kisukari na daktari ameniandikia sindano ya semaglutide kila wiki. Ndugu zangu wamenitumia ujumbe kwamba inapofusha kwa ugonjwa huu huu mnaouzungumza. Je, niiache?

Tabibu wa Macho amejibu:

Usiiache kwa ujumbe wa simu. Mwaka 2024 ulitoka utafiti kutoka Boston uliozua hofu hiyo, na mwaka 2025 kamati ya usalama ya Wakala wa Dawa wa Ulaya ikahitimisha kwamba ugonjwa huu ni athari nadra sana ya dawa hiyo, inayoweza kumpata hadi mtumiaji mmoja katika 10,000. Kisukari kisichodhibitiwa nacho hupofusha, kwa njia nyingi kuliko hii moja. Lakini ukipoteza uoni ghafla, usijichome sindano inayofuata, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Na kama uliwahi kupoteza jicho kwa namna hii kabla, mwambie daktari wako, kwani kwako hesabu inabadilika.

Mwalimu wa Kilosa amejibu:

Narudi baada ya wiki tano. Daktari wa presha amemhamishia losartani asubuhi na kumpunguzia kiasi, na tunampima presha nyumbani asubuhi na jioni. Mzee wa reli alileta majibu ya lile swali: ilikuwapo chupa ya unga wa mizizi, na sasa haipo. Kuhusu kukoroma, tumepewa rufaa, na kwa sasa mama amemwekea mto mgongoni ili alale ubavu. Kiwanja hakikuuzwa. Shangazi amenuna kidogo.

Kliniki walisema uvimbe umekwisha na neva imepauka nusu yake ya juu. Sikuelewa, kwani yeye haoni chini. Kwa jicho la kushoto amesoma mstari wa tatu. Ana swali moja tu: anataka kurudia kuendesha pikipiki kwenda shambani Kimamba.

Tabibu wa Macho amejibu:

Picha ndani ya jicho huingia kichwa chini miguu juu, kwa hiyo nusu ya juu ya neva ndiyo inayobeba habari za chini. Mliloambiwa linaafikiana na mlivyoeleza tangu mwanzo.

Pikipiki bado. Anahitaji kwanza kipimo cha eneo la kuona kwa macho yote mawili, kile cha kubonyeza kitufe kila unapoona nukta ya mwanga, na kama hapo mlipo hakipo, ulizeni idara za macho za hospitali za Muhimbili, KCMC au CCBRT. Mtu aliyepoteza kujua umbali kwa ghafla huhitaji miezi kadhaa kabla hajajifunza upya kukadiria lori lililo mbele yake liko mbali kiasi gani. Kwa sasa apakiwe na kijana, na akae nyuma.

Mwalimu wa Kilosa amejibu:

Nimemsomea. Amesema kijana huyo aendeshe polepole.